Mstari Mmoja

Picha yote imelala.
Kilichobaki ni mstari mweupe
katikati ya kioo, ukingo hadi ukingo,
mkali kama wembe.
Sauti ipo. Humo ndani vyombo vya angani vinalipuka,
mtu anakufa mara tatu, anapigiwa muziki wa maziko,
na yote hayo yanatendeka
ndani ya unene wa uzi.

Piriápolis, Julai.
Wageni wa ufukweni walikwisha rudi makwao tangu Machi.
Ukumbi wa Olegario una baridi ya jokofu,
mashine ishirini na mbili zimefunikwa mashuka
ya hoteli iliyofilisika.
Mwenyewe amesimama nyuma yangu,
anafyonza chai chungu ya kibuyu kwa mrija wa chuma.
"Nidia, itapona?"
Kana kwamba nimevaa koti jeupe.
Namwambia asogee, ananizibia taa.

Kabla ya yote, umeme uliojificha.
Swichi umeizima, waya umeuchomoa ukutani,
lakini bomba la picha ni bahili,
huweka akiba yake palepale utakapotia mkono.
Ademar Bentancor, aliyenifunza kazi hii kwa matusi,
alikuwa akisema: mkono mmoja kazini, mmoja mfukoni,
na kama nguo yako haina mfuko, kashone.
Nafunga waya wa bisibisi kwenye fremu,
naipenyeza chini ya kikombe cha mpira
polepole, kama anayefunua ukope wa mtoto aliyelala.

Ta!

Olegario amemwaga chai.

Siku ya kwanza nilizishuku kapasita.
Nani asingezishuku? Zimevimba vichwa,
moja imelia machozi ya kahawia hadi kwenye bodi.
Nikabadilisha kumi na moja. Nikawasha.
Mstari.
Siku ya pili nikaing'oa chipu,
nikapachika nyingine niliyoisubiri majuma mawili kutoka Buenos Aires.
Mstari.
Mvua ikanyesha kwa kushoto, toka baharini.
Nikagonga bodi kwa mpini wa bisibisi,
si kwa ufundi, kwa hasira,
na picha ikachanua yote,
nyota, ngome, alama za washindi,
kisha ikajikunja tena kama jicho la paka.

Ahaa.
Unaogopa kuguswa, kumbe.

Siku ya tatu nimelala chali na kioo cha kukuzia,
tochi nimeiuma kwa meno,
nikipita lehemu moja baada ya nyingine
kama mtu anayetafuta chawa kichwani mwa mwanawe.
Na huyu hapa. Soketi ya koili, mguu wa pili:
ufa wa duara, mwembamba kuliko unywele,
lehemu imekaa tu pale, haijashika,
baridi tangu siku ilipozaliwa.
Pembeni yake ulimbo uliokauka,
na juu ya ulimbo, dole gumba la fundi
lenye kovu la mshazari.

Nikatoa meno kwenye tochi.
Nikalitazama dole gumba langu.

Kikulacho.

Miaka minane iliyopita, Februari, joto la kuyeyusha lami,
watoto wamepanga foleni na sarafu zinalowa viganjani,
na mimi nasema, haraka, haraka, basi la saa tisa litaniacha.

Naipasha moto upya. Naingoja.
Lehemu inang'aa, inazama, inashika mguu.
Nawasha, na ulimwengu mzima unasimama wima,
na Olegario, mzee wa miaka sabini, anatupa sarafu
na kufa kabla hajahesabu kumi.
"Ni mjinga gani alilehemu pale?" anauliza huku anacheka.
"Fundi mmoja wa zamani."
"Yuko wapi sasa?"
"Bado anafanya kazi, nasikia."

Naandika risiti: kapasita kumi na moja.
Chipu, sikuiandika. Ufundi, nikapiga kistari.
Anaigeuza karatasi, anatafuta upande wa pili.
Mimi natazama mashuka.
Kiangazi kile nilipita humu mashine nne,
au tano.

"Olegario," nasema, "niletee funguo
za ile ya pembeni."